Maswali ya Wasomaji: Maneno Yao Yaingie Kwenye Taarifa

Barua za toleo hili zinajibiwa na mama muuza vitambaa wa Eastleigh, Nairobi. Novemba 2012 alivunjwa taya na kijana aliyemshambulia kwa sababu ya Usomali wake. Tangu hapo huwasaidia waliodhulumiwa kwa ajili ya kabila, rangi au asili yao kufuatilia haki. Barua zimefupishwa na majina yameondolewa.

SWALI: Salaam aleikum shangazi. Nina miaka 23, nauza simu kwenye duka moja katikati ya jiji. Jioni moja nikiwa stejini napanda gari la kurudi nyumbani, makanga alinivuta ushungi akasema gari lake halibebi mabomu, nikatafute ngamia. Nilipomuuliza kama hana dada, alinisukuma nikaangukia ukingo wa lami, mkono ukavunjika. Watu walicheka. Ni mama mmoja tu mwenye kikapu cha mboga aliyeniinua. Kituoni waliandika "ugomvi wa nauli". Sasa mwenye gari amekuja nyumbani na wazee wawili, anataka maslaha: atalipa bili ya hospitali na kitu juu yake, nasi tufute kesi. Baba anaona tukubali yaishe. Mimi moyo unakataa, lakini sitaki kumvunjia baba heshima. *Binti wa Komarock*

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Pole sana kwa mkono, na pole kwa kicheko cha wale watu, maana najua ndicho kinachokurudia usiku.

Nitaanza na huo "ugomvi wa nauli" kabla ya maslaha, kwa sababu hapo ndipo kesi yako ilipopindishwa. Nauli hukuwa hata umeulizwa. Ulivutwa ushungi, ukatajiwa mabomu na ngamia, kisha ukasukumwa. Ukiyaondoa maneno yale, wanabaki abiria na makanga waliokosana, jambo la kila saa Nairobi, na hakuna afisa atakayelipa uzito.

Mimi nililijua hilo mdomo ukiwa umefungwa kwa waya. Jumapili ya tarehe 18 Novemba 2012 bomu lililipuka ndani ya matatu hapa Eastleigh, watu wakafa. Kesho yake vijana waliingia mitaa yetu wakivunja maduka na kumpiga yeyote mwenye sura ya Kisomali, kana kwamba sisi ndio tuliolitega. Aliyenirushia jiwe namjua. Alikuwa akinishushia marobota ya vitambaa kutoka kwenye lori, na chai yake alikuwa akiinywa dukani kwangu. Alisimama hatua chache kutoka mlangoni, akasema, "Rudini kwenu na mabomu yenu," ndipo akarusha. Kwetu! Mimi nimezaliwa Pumwani, nimesomea Eastleigh, na baba yangu kazikwa makaburi ya Kariokor.

Nilipotoka hospitalini nikaenda kituoni, sikuweza kutamka neno. Afisa alimuuliza ndugu yangu aliyenisindikiza, kisha akaandika: "Alijeruhiwa na watu wasiojulikana wakati wa ghasia." Nikatikisa kichwa. Mkobani nilikuwa na daftari la madeni ya duka. Nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika jina la kijana, mahali aliposimama, na maneno yake yote kama alivyoyatoa. Afisa alisoma, akanirudishia daftari, akasema, "Mama, maneno hayavunji taya."

Sijapata kusikia kauli yenye madhara kama hiyo. Jiwe ndilo lililovunja taya, sawa. Lakini maneno ndiyo yanayoeleza kwa nini lilikuwa taya langu na si la jirani yangu Mkamba tuliyekuwa tumesimama naye bega kwa bega, ambaye kijana yule alimwambia asogee kando asije akaumia. Kesi yangu haikufika mbali, kijana alihama na jalada likalala. Ukurasa ule ninao. Na kazi ninayofanya mpaka leo ni ile ile: kukaa na mtu aliyeumizwa na kuhakikisha kwamba alichoambiwa kimeandikwa pamoja na alichofanyiwa.

Sikiliza sheria inavyokwenda. Kenya hatuna kosa moja linaloitwa shambulio la chuki. Kumsukuma mtu akavunjika kunashtakiwa kwa Kanuni ya Adhabu kama kosa lingine lolote la kudhuru mwili. Chuki yenyewe inakaa kwingine, kwenye Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi zilizoua watu zaidi ya 1,100. Kifungu cha 62 kinamshika anayetamka maneno ya kuchochea dharau, chuki, uhasama au ubaguzi dhidi ya mtu au jamii kwa sababu ya kabila au rangi: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili. Sasa kiongozi wa mashtaka atakitumiaje kifungu hicho ikiwa jalada linazungumzia nauli? Wala usijipe moyo kwamba utayasema siku ya kusikizwa kwa kesi. Wakili wa makanga atakuuliza swali moja tu: mbona polisi hukuwaambia? Nimekaa mahakamani nikaona kesi nzuri ikifia kwenye swali hilo.

Kwa hiyo rudi kituoni na namba yako ya OB, ile ya kitabu cha matukio cha polisi, useme unataka kuandikisha taarifa ya nyongeza. Kabla ya kwenda, yaandike kwanza nyumbani ukiwa umetulia. Alichosema kwa Sheng kiandikwe kwa Sheng, usikisafishe. "Alinitukana" haitoshi, kila mtu hutukanwa stejini. Isome taarifa yote kabla ya kutia sahihi, na ukikuta nauli tena, usitie. Yule mama wa kikapu mtafute. Mwenye kupanda gari na mboga jioni huwa na saa zake na steji yake, na mtu aliyekuinua mbele ya watu wanaocheka hatashindwa kusema alichosikia. P3 yako, ile fomu ya polisi ya majeraha, daktari ataijaza habari za mkono, na ushungi haumo humo, huo ni kazi ya taarifa yako. Wakikukatalia kituoni, muone OCS, mkuu wa kituo. Naye akikataa, peleka malalamiko IPOA, wanaosimamia mwenendo wa polisi, na nakala kwa Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC.

Kama kuna aliyerekodi, asikutumie video kwa WhatsApp kisha akaifuta. Aiache kwenye simu ilimorekodiwa, kwa sababu mahakama hudai cheti kinachoeleza rekodi ilitoka kwenye chombo gani na nani aliyeitoa. Mnakumbuka Septemba 2018, video ilivyosambaa ya mfanyabiashara raia wa Uchina akibishana na mfanyakazi wake, akisema Wakenya wote ni nyani, hata Rais? Alikamatwa, akafukuzwa nchini. Kilichomwondoa ni maneno yake, kwa sauti yake mwenyewe. Na Human Rights Watch walipotoa ripoti Mei 2013 juu ya polisi walivyowatenda wakimbizi hapa Eastleigh katika wiki zilizofuata bomu lile, waliipa jina la kauli waliyokuwa wakitupiwa watu: nyote ni magaidi. Kuna watu waliokaa na wahanga wakayachukua maneno yale, ndiyo maana hayakupotea.

Sasa maslaha. Baba yako hana kosa, na mtu asikuambie kwamba hizo ni mila za kishamba. Katiba, Ibara ya 159, inaitaka mahakama ihimize upatanisho, zikiwemo njia za jadi, mradi zisivunje haki za kimsingi. Mwaka 2013 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilikubali hata kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila za Kisomali. (Sikuufurahia uamuzi ule na sijaufurahia mpaka leo, lakini upo.)

Ninachokuuliza ni kingine. Baba anajua makanga alisema nini? Mimi umenieleza, lakini barua yako haisemi popote kwamba umemweleza yeye. Wasichana wengi wanaokuja kwangu humwambia baba "nilisukumwa", basi, mengine wanameza. Wanamhurumia. Baba wa rika lile wengi wao walipangwa foleni mwaka 1989, Wasomali wa Kenya walipotakiwa kukaguliwa na kubeba kadi maalumu kuthibitisha kwamba ni Wakenya, na binti hataki kuwa ndiye wa kuwakumbusha. Naielewa huruma hiyo. Lakini hivi sasa mzee wako anaamua juu ya mkono tu, kwa sababu mkono ndio alioonyeshwa.

Kaa naye baada ya isha, mama akiwepo, umweleze neno kwa neno. Kisha umsikilize. Akibaki na maslaha, basi nawe uwe na yako ya kusema: uketi kikaoni wewe mwenyewe, si kusikilizia chumba cha pili. Makanga aje, si mwenye gari peke yake, na atamke mbele ya wazee alichokutamkia stejini. Kila kitu kiandikwe na kitiwe sahihi. Bili ya hospitali ni haki yako, isigeuzwe zawadi. Mkono wako unaweza kuusamehe, ni wako. Yale maneno yalitupiwa kila msichana mwenye ushungi anayepanda gari pale, kwa hiyo barua ya NCIC iende hata mkipatana.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Nataka kuwa mwanaharakati wa jamii zinazobaguliwa. Nianzie wapi, na je, mtu huishi kwa kazi hiyo? *Msomaji wa Kahawa*

JIBU: Mimi naishi kwa vitambaa, mwanangu. Wapo walioajiriwa na mashirika, nao wanafanya kazi nzuri, lakini usianze kwa kutafuta mshahara. Anzia mahakamani. Kesi nyingi husikizwa wazi, nenda Milimani au Makadara, ukae nyuma asubuhi nzima usikilize jinsi shahidi anavyoulizwa maswali. Kisha nenda Kituo cha Sheria, ambao wamekuwa wakitoa msaada wa kisheria tangu 1973, uulize kama wanamhitaji mtu wa kujitolea. Ukijifunza kuandika taarifa ya mtu mwingine bila kuipunguza wala kuitia chumvi, utakuwa na faida kuliko wahutubiaji kumi. Na usimtake mtu aonyeshe kovu mbele ya kamera. Mimi hualikwa kwenye warsha za hotelini, na kabla sijaketi mpiga picha ananiomba nigeuze uso upande wa kushoto. Sigeuzi.

SWALI: Dada, mwanangu wa Gredi ya 4 anaitwa "Shabaab" darasani. Alipomwambia mwalimu, mwalimu alisema ni utani wa watoto, na siku iliyofuata naye akamwita hivyo akisoma rejista. Darasa zima likacheka. Sasa kila Jumatatu asubuhi mtoto analalamika tumbo. Nimhamishe? *Mama wa South C*

JIBU: Bado, mama. Watoto wenzake wanarudia wanayoyasikia nyumbani, hao wanafundishika. Aliyesoma jina hilo kwenye rejista ndiye wa kushughulikiwa kwanza, kwa sababu amewapa watoto arobaini ruhusa.

Usipige simu. Simu haiachi alama. Mwandikie mwalimu mkuu barua, utaje tarehe, neno lililosemwa, aliyelisema na mtoto alivyojibu, na uambatanishe habari za hilo tumbo. Taja kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kwa njia ya kudhalilisha, iwe ya kimwili au ya kisaikolojia. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokewa. Kikipita kimya, nakala kwa bodi ya shule, kisha TSC, tume inayowaajiri walimu. Ukifika hapo pasiwe na aliyesikia, mhamishe bila kujilaumu.

Mtu atakushauri umsimulie mtoto habari za basi la Mandera, nami ningependa aijue. Desemba 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walilisimamisha basi wakawaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, wanawake wakawavika wenzao Wakristo shungi zao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo kwa kukataa, akafariki Januari 2016. Alikuwa mwalimu, na natamani mwalimu wa mwanao aisome habari hiyo kabla ya kufungua rejista tena. Ila mtoto wako usimpe iwe ngao. Mtoto wa miaka tisa au kumi hapaswi kwenda shule na shujaa aliyekufa mfukoni ili aruhusiwe kucheza mpira. Hana deni la kuthibitisha chochote kwa mtu yeyote. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, na umwambie mara nyingi.

SWALI: Mama, shikamoo. Naandika kwa niaba ya mdogo wangu. Novemba ile ya 2012 alikuwa na miaka 17, alivuka Juja Road na vijana wa mtaani kwetu Mathare wakaingia Eastleigh. Alirusha mawe na akarudi na viatu kutoka duka lililovunjwa. Sasa ana mke na watoto, anafanya kazi gereji. Tangu nilipomsimulia habari za yule mtu wa Marekani aliyempigania aliyempiga risasi asiuawe na serikali, hana raha. Anataka kuja Eastleigh kuomba msamaha. Je, atapokewa? *Kaka mkubwa, Mathare*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako niliisoma dukani nikafunga mlango kwa muda.

Mtu unayemsema ni Rais Bhuiyan (Rais ni jina lake, si cheo), mhamiaji kutoka Bangladesh. Tarehe 21 Septemba 2001, siku kumi baada ya mashambulizi ya New York na Washington, alikuwa kazini kwenye kituo cha mafuta mjini Dallas, Texas. Mark Stroman aliingia na bunduki, akamuuliza ametoka wapi, kisha akampiga risasi usoni. Jicho la kulia likapofuka. Stroman alikuwa ameshamuua Waqar Hasan kutoka Pakistan, na wiki mbili baada ya Bhuiyan akamuua Vasudev Patel kutoka India. Alihukumiwa kifo. Mwaka 2009 Bhuiyan alikwenda kuhiji na mama yake, na baada ya safari hiyo akaanza kumpigania mtu yule abaki hai, akafika hadi kuishtaki serikali ya Texas. Hakufaulu. Stroman aliuawa tarehe 20 Julai 2011, na Bhuiyan anaendelea na shirika lake, World Without Hate.

Watu hupenda kulichukua tukio hilo kama kisa cha msamaha peke yake. Mimi naona jambo lililotangulia msamaha. Bhuiyan hakusema alijeruhiwa na mtu asiyejulikana. Alisema ni nani, wapi, siku gani, na aliulizwa nini kabla ya risasi. Alisamehe kitu kilichokwisha kutajwa chote. Ndiyo maana nasitasita watu wanaponiuliza kama nimemsamehe kijana wangu. Hajaja, hajasema alichofanya. Siku akisema, tutazungumza.

Mdogo wako amefanya ambalo wangu hajafanya, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwangu atapokewa. Kwa wengine sina uwezo wa kuahidi. Kuna mama hapa aliyepoteza mtaji wote siku ile na hataki kusikia habari za Mathare, na ana haki. Lakini pia ujue kwamba akinamama wa Mathare ambao wana wao waliuawa na polisi ndio walionifundisha kuandika namba ya beji ya afisa kabla ya kufungua mdomo. Huwa tunaketi pamoja. Wanajua mtoto wa mtaa wao anavyoitwa mwizi kabla hajafanya lolote, kama sisi tunavyojua lile letu. Hilo halimfutii mdogo wako jiwe hata moja, ila linaeleza kwa nini sitamwona mgeni akiingia.

Kabla ya kuja aongee na wakili. Kituo cha Sheria watamsikiliza. Alichofanya ni kosa la jinai, na mtu anayekiri aelewe anakiri nini na mbele ya nani. Kisha aandike mwenyewe, kwa mkono wake, si wewe. Asiniletee "tulikosea" wala "tulipotoshwa". Aandike aliingilia njia gani, alirusha mangapi, alikuwa anapaza sauti akisema nini. Hasa hicho alichokuwa anasema. Nina hakika anakikumbuka, na kitakuwa kigumu kuandika kuliko habari za viatu.

Aje Jumapili mchana, asubuhi wateja ni wengi. Kama duka la viatu analikumbuka, anitajie lilipokuwa. Wenye maduka wengi wa barabara ile bado wapo, na nitamsindikiza mimi mwenyewe. Alete na pesa za viatu.